Kabati Lililovaa Nailoni

“Khalti, kwa nini kabati lako limevaa nailoni?”

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa jirani wa ghorofa ya tatu, mwenye miaka tisa, aliyeingia chumba kisichoingiwa kwa sababu ya mchezo wa kujificha. Mtoto huyo ndiye anayeandika haya, ila habari si yake. Ni ya Ibtisam, ambaye nyumba nzima ilimwita Khalti, yaani mama mdogo, kwa kuwa Basma alimwita hivyo na watoto wengine wa ngazi ile wakaiga.

Mle chumbani mlikuwa na kitanda kipana, kabati la milango minne lenye maua ya kuchonga juu yake, na meza ya kioo. Vyote vilikuwa vimefungwa nailoni nene na kuzungushiwa utepe wa gundi, kama wagonjwa waliovunjika mifupa. Dumyat ni mji wa maseremala. Kila kichochoro kinanuka msasa na vanishi, na hakuna mtoto anayeshangaa kuona kabati. Lakini samani za Dumyat ama ziko karakana zikingoja mteja, ama ziko nyumbani zikijaa nguo. Hizi hazikuwa huku wala kule.

Ibtisam hakugomba. Alimshika yule mtoto sikio bila kulivuta, akamtoa nje, akafunga mlango kwa ufunguo. “Swali lako limekuzidi urefu,” akamwambia, akampa kipande cha mushabbak kinachochuruzika asali ili mdomo uwe na kazi nyingine. Jibu alilitoa miaka minane baadaye.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa ulimi, fundi wa kushona vitambaa vya makochi. Cherehani yake ilikaa dirishani, ghorofa ya chini, na aliweza kushona, kumsalimia mpita njia na kumsuta, vyote kwa pumzi moja.

Basma alikuwa mtoto wa dada yake. Dada huyo, Nagwa, alikufa kwa figo Basma akiwa bado ananyonya. Baba yake, Fikri, dereva wa lori la samani kwenda Kairo, alifuata mwaka uliofuata, lori lilipopinduka katika ukungu wa asubuhi. Bibi mzaa mama akamchukua mtoto, akamlea mpaka miaka mitano, naye akafariki. Sheria ina foleni yake katika mambo haya: mama, halafu bibi mzaa mama, halafu bibi mzaa baba, halafu dada wa mtoto, halafu mama mdogo. Katika foleni ya Basma, wa mbele wote ama walikuwa kaburini ama hawakuwahi kuzaliwa. Basi jaji akatia muhuri, na Ibtisam, mwenye miaka ishirini na saba, akarudi nyumbani na mtoto na karatasi.

Karatasi ile ilimpa malezi. Ilimpa kuamka, kuosha, kupika, kusuka nywele, kukaa macho wakati wa homa. Haikumpa uwalii. Uwalii, yaani haki ya kumsemea mtoto mbele ya serikali na kutia saini, ulibaki kwa babu mzaa baba, Haji Sabri wa Kafr Saad, aliyekuwa akija sikukuu mbili kwa mwaka, anamvuta Basma kifuani, ananusa utosi wake na kusema, “Harufu ya Fikri.” Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee aliyezika mwanawe wa kiume wa pekee, na kilichobaki cha mwanawe kilikuwa kinaishi nyumba ya watu wengine.

Tofauti ya mkono unaolea na mkono unaotia saini Ibtisam aliijua siku Basma alipougua kidole tumbo. Alikuwa na miaka saba, amejikunja kama kambakoche, na daktari amekwisha kusema apasuliwe. Nesi akaleta fomu, akauliza walii yuko wapi.

“Mimi ndiye ninayemlea,” Ibtisam akasema.

“Nimekusikia, dada yangu. Lakini hapa pameandikwa walii. Kulea hakuna mahali pake kwenye fomu.”

Ilikuwa Ijumaa. Simu ya Haji Sabri ilikuwa imezimwa kwa ajili ya swala, na baada ya swala ilikuwa bado imezimwa kwa ajili ya chakula. Saa tatu nzima Ibtisam alikaa ukumbini akiwa na kalamu mkononi isiyo na ruhusa ya kuandika. Mzee alipofika alitia saini kwa madaha, akamwambia Ibtisam alikuwa na hofu ya bure, kwani yeye angechelewaje kwa damu yake mwenyewe. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mlezi hawamtaji, na siku ile alielewa kwamba si kwa kusahau.

Karakana ya Fundi Mukhtar ilikuwa ng'ambo ya kichochoro. Yeye alitengeneza mbao za makochi, Ibtisam akashona vitambaa. Fundi Mukhtar alikuwa mkimya, mgane wa ndoa fupi, na aliposhikwa na mapenzi hakujua aseme nini, kwa hiyo akawa anarudisha makochi. Kila wiki alirudisha moja, amesimama dirishani amelibeba begani.

“Mshono huu umeenda kushoto, sitt Ibtisam.”

“Macho yako ndiyo yameenda kushoto, fundi. Yarudishe kwenye mbao.”

Alimtengenezea Basma dawati la kusomea lenye droo inayofungwa kwa ufunguo, na ufunguo akampa Basma, si Ibtisam. Hapo ndipo Ibtisam alipoanza kumsikiliza.

Lakini alimweleza mapema. Mlezi akiolewa na mwanamume asiye maharimu wa mtoto, yaani asiye ndugu wa damu aliyekatazwa kumwoa, malezi yanamtoka. Hilo kila mwanamke wa mtaa ule alilijua kama anavyojua kupika wali. Basma akifika miaka kumi na tano ataulizwa na jaji anataka kukaa na nani, naye atajibu, na hapo Ibtisam atakuwa huru kuolewa. Ilikuwa imebaki miaka sita. Fundi Mukhtar akafikiri kidogo, akasema mbao nzuri hukaushwa kwa muda zaidi ya huo.

Wangengoja hivyo hivyo kama si maneno ya watu. Mwanamume anaingia leo kurekebisha bawaba, kesho kupima kochi, keshokutwa hana cha kupima ila ameingia. Ndipo Mama Hisham wa ghorofa ya pili, mwanamke aliyekwisha kuoza mabinti wanne na kwa hiyo hakuna jambo asilolijua, alipoleta suluhisho lake pamoja na sahani ya bamia.

“Andikeni kitabu, harusi ngojeni,” alisema. “Kitabu kikiandikwa, akija kunywa chai ni halali yake, na midomo inafungwa. Kwani kitabu ndiyo ndoa? Binti yangu alikaa na kitabu miaka minne akisubiri vigae vya jikoni. Bibi harusi ni wa siku ya zafa.”

Na hivyo ndivyo tunavyoishi. Kitabu, yaani mkataba wa ndoa, huandikwa msikitini, maadhuni, mwozeshaji wa serikali mwenye daftari lake, anawashikisha mikono mume na walii wa mke chini ya kitambaa cheupe, sharubati inanywewa, kila mtu anarudi kwao. Msichana huendelea kulala kwa mama yake na kuitwa mwali, mwaka, miaka miwili, mpaka nyumba iwe tayari. Siku ya harusi, bibi harusi anaposindikizwa kwa zafa ya ngoma na vigelegele, ndipo pete inapohama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na hapo ndipo watu wanasema fulani ameolewa. Hakuna aliyemuuliza wakili. Nani humuuliza wakili siku ya sharubati?

Kwa kuwa huku kwetu chumba cha kulala, yaani samani zake, huletwa na upande wa mke, Ibtisam akatengenezewa chake. Fundi Mukhtar alikichonga mwenyewe, akakataa wenzake wasiguse hata msumari. Kikawekwa katika chumba cha marehemu mama yake Ibtisam, kwa kuwa walikwisha kukubaliana kwamba mume ndiye atakayehamia, ili Basma asibadilishe hata mto. Kikafungwa nailoni. Pete ikabaki mkono wa kulia. Kitabu kikaandikwa mwezi wa Machi mbele ya watu kumi na mmoja, na Basma akanywa sharubati glasi tatu.

Zile glasi tatu ndizo zilizosema. Sikukuu ilipofika, Haji Sabri alikuja na nguo mpya na karanga, akamnusa mjukuu wake utosini, akamuuliza habari za shule. Basma, mtoto wa miaka kumi aliyejaa furaha na asiyejua kwamba furaha nyingine hufichwa, akamwambia babu kwamba Ami Mukhtar ameandika kitabu na Khalti, na kwamba sharubati ilikuwa ya waridi. Haji Sabri akampa mtoto mkono wa sikukuu, akamaliza chai yake mpaka majani, akaaga kwa adabu. Ibtisam alisema baadaye kwamba ni adabu ile iliyomtisha.

Nyumbani kwa Haji Sabri alikuwako binti yake Samiha, shangazi wa Basma. Samiha alikuwa ameachwa baada ya miaka kumi na mmoja kwa kukosa kuzaa. Alikuwa amerudi chumba chake cha usichana na kupanga wanasesere kitandani. Katika foleni ya sheria, mama mdogo akitoka, shangazi hayuko mbali.

Haji Sabri alishitaki, na kesi haikuchukua hata nusu saa. Jaji alikuwa na mafua, na alikuwa na faili nyingine nyingi mbele yake.

“Umeandikiwa kitabu?”

“Ndiyo, bwana jaji, lakini hatujaingia nyumba moja. Harusi bado. Chumba chenyewe kiko ndani ya nailoni.”

“Sikukuuliza habari za chumba. Mkataba ni wako na sahihi ni yako?”

“Ni yangu.”

“Mume ana undugu na mtoto?”

“Hana. Lakini ndiye aliyemtengenezea dawati lake.”

Jaji alipenga kamasi, akaandika. Kwa sheria, mwanamke ni mke tangu wino unapokauka, na zafa ni kelele tu. Ukumbini wakili aliyekodiwa kwa haraka alimweleza Ibtisam kwamba kama angeolewa na ami wa mtoto, malezi yangebaki kwake, kwa kuwa ami ni maharimu. Ami aliyekuwapo, mdogo wake Haji Sabri, alikuwa na miaka sitini na moja, mke mmoja na sindano za sukari. Wakili alicheka peke yake.

Siku ya kumkabidhi, Samiha alikuja mwenyewe, amevaa vizuri, amebeba mwanasesere aliyemfaa mtoto wa miaka minne. Alisema atamlea kama mboni ya jicho lake, na ilionekana anasema kweli, jambo ambalo lilizidisha ubaya wa siku ile, kwani hakukuwa na wa kumlaani. Ibtisam alifunga zipu ya begi mara mbili.

“Hali kitunguu kibichi,” alimwambia Samiha. “Na akilala mfunike miguu. Kichwa atakifunua mwenyewe.”

Basma alitaka dawati lake. Halikuingia kwenye gari. Aliondoka na ufunguo wa droo.

Wiki tatu baadaye Ibtisam alivuka kichochoro, akasimama mlangoni pa karakana, akamwomba Fundi Mukhtar amwache. Wakili alikuwa amesema kizuizi kikiondoka, haki hurudi. Fundi Mukhtar alizima mashine ya kukatia mbao.

“Nikuache kwa kosa gani?”

“Kwa kosa la Mama Hisham,” akasema Ibtisam, akijaribu kucheka. Kisha akasema, “Niache, Mukhtar. Mtoto anangoja.”

Akamwacha, kwa maadhuni yule yule na daftari lile lile. Aliapa atamngoja mpaka Basma afike kumi na tano, wataandika tena. Ibtisam akamwambia asiape mambo ya miaka.

Akafungua kesi ya kurudishiwa malezi. Faili ilipotea, ikaonekana. Jaji akahamishwa. Wakili wa upande wa pili akaugua, akapona, akaomba muda. Katika kungoja huko Ibtisam akagundua jambo jingine ambalo hakuna aliyemwambia: sheria inampa mzazi na babu na bibi haki ya kumwona mtoto saa chache kwa wiki. Mama mdogo haimtaji. Kwa miaka mitano alikuwa amemfulia Basma shuka, na sasa hakuwa na haki ya kumwona hata kwa saa moja. Kila Alhamisi akapanda gari hadi Kafr Saad, akasimama ng'ambo ya lango la shule na mfuko wa mushabbak. Miezi minne. Halafu Haji Sabri akalalamika kituoni, na askari mmoja mwenye aibu akamwambia, “Usinitie matatani, mama, nenda nyumbani.”

Mwaka wa pili Fundi Mukhtar akaoa. Mama yake alikuwa mgonjwa na alitaka kuona wajukuu. Ibtisam alipeleka sahani ya biskuti kama majirani wote. Kazi ya kushona iliendelea kati yao, lakini hakuna kochi lililorudishwa tena. Mishono yake yote ikawa imenyooka.

Mwaka wa nne hukumu ikatoka. Mahakama ilikubali kwamba kizuizi kimeondoka. Ikasema, hata hivyo, kwamba mtoto amekwisha kuzoea kwa shangazi yake, na si maslahi yake kung'olewa tena. Waliomchelewesha ndio waliosema amechelewa.

Ikabaki tarehe moja tu: siku ya Basma kutimiza kumi na tano na kuulizwa kwa kinywa chake. Ibtisam alilingojea neno hilo kama mtu anayeshika pumzi majini. Alipaka rangi chumba cha mtoto. Alimwita fundi wa makufuli alifungue dawati ili atengeneze ufunguo wa pili, kisha akabadili nia, akasema mwenyewe ana ufunguo wake.

Basma aliingia kwa jaji peke yake. Alipotoka alikuwa mrefu kuliko Ibtisam, amevaa hijabu ya kijivu, Samiha amemshika kiwiko. Walipopishana ukumbini alisimama, akatoa mkono kwa heshima.

“Hujambo, tanti,” akasema.

Tanti ni jina la mke wa mwalimu, la mama wa rafiki, la mwanamke yeyote wa ngazi ya jirani. Ibtisam aliushika ule mkono, akamuuliza kama bado anafunika miguu. Basma akatabasamu kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo, na Samiha akasema gari linangoja.

Baada ya wao kuondoka ndipo karani alipomsomea Ibtisam maneno ya mtoto, kwa kuwa ni haki yake kusomewa. Basma alisema anapenda kubaki kwa shangazi yake. Shangazi hana mtu mwingine, babu ni mgonjwa, na Khalti ana mume wake na maisha yake.

Ibtisam alimwomba karani arudie sentensi ya mwisho. Akarudia. Miaka mitano, na hakuna mtu Kafr Saad aliyemwambia mtoto kwamba ile ndoa ilivunjwa wiki ya tatu, wala ilivunjwa kwa ajili ya nani. Labda walisahau. Ibtisam alikimbia hadi barabarani, gari limekwisha kuondoka.

Mama Hisham, aliyezeeka na kupungua maneno, alimsihi amtafute Basma amwambie ukweli. Ibtisam alikataa.

“Nikamwambie nini? Kwamba alichagua vibaya? Na baada ya hapo atalala vipi nyumba ile?”

Akaendelea kushona. Mwaka jana dari ya chumba kile ilianza kuvuja, na Ibtisam akaona afadhali auze samani kabla hazijaoza. Akaja bibi harusi mmoja kutoka Faraskur na mama yake. Mtoto wa jirani wa ghorofa ya tatu, ambaye sasa ana miaka kumi na saba na mitihani ya mwisho mbele yake, aliitwa kusaidia kukata utepe kwa mkasi. Nailoni ilikuwa imegeuka njano, ikakatika kwa sauti kavu. Chini yake mbao zilikuwa zinang'aa, na vanishi ilinukia kana kwamba imepakwa jana. Mama wa bibi harusi alifungua milango yote minne, akachungulia, akauliza kama ni la mkono wa pili.

“La mkono wa kwanza,” Ibtisam akasema. “Mkono wenyewe ndio haukufika.”

Wale wageni walicheka, wakatoka kwenda kuita wachukuzi. Ibtisam alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, mara ya kwanza kukikalia, anakunja nailoni kubwa kama mtu anayekunja shuka, kona kwa kona. Swali la zamani likaulizwa tena, na safari hii hakushika sikio la mtu.

“Nilidhani nailoni ikiwa juu, mimi bado sijaolewa,” akasema. “Na kama sijaolewa, Basma ni wangu. Kila asubuhi kabla hajaamka niliingia humu kutazama kama imechomoka hata kona moja. Haikuchomoka.”